Spika ina alama ya X na draiva ya Realtek inagoma: kabla hujabadilisha mazabodi

Swali: "Habari za kazi, fundi. Naandika kutoka Morogoro. Mwaka jana nilinunua Kariakoo kompyuta ya mezani ya mtumba, Dell OptiPlex 7010 ya zamani, kwa ajili ya mwanangu wa kidato cha pili ambaye haoni. Anatumia NVDA, ile programu inayomsomea kilichoandikwa kwenye skrini. Aliyeniuzia alinipigia Windows 10 ya 64-bit na sauti ilikuwa safi. Juzi binamu yake aliweka programu ya bure ya kusasisha draiva. Ikasema draiva nyingi zimepitwa na wakati, naye akazikubali zote. Alipowasha upya, kimya. Alama ya spika ina X nyekundu, na ukiigusa inasema 'No Audio Output Device is installed'. Nimepakua draiva ya Realtek mara mbili hadi bando limeisha. Inafika karibu na mwisho, inaandika 'Install Realtek HD Audio Driver Failure' na namba -0001. Fundi wa hapa anasema kadi ya sauti imekufa, nibadilishe mazabodi. Kwenye Device Manager sehemu ya sauti siioni kabisa, ila chini ya 'System devices' kuna mstari wenye maneno 'Audio Controller' na alama ya njano. Nifanye nini?"

Jibu: Mama, pole sana, na mazabodi usinunue kwanza. Kwa jinsi ulivyoeleza, sioni dalili ya kadi ya sauti iliyokufa. Ushahidi umeniandikia mwenyewe kwenye ile sentensi ya alama ya njano, na nitaufikia. Ila kwanza kijana. Sisi tunaoona, sauti ikikata tunakosa taarabu na mahubiri. Yeye ikikata ni kama mtu kamzimia skrini katikati ya kazi. Kwa hiyo tusianze na draiva, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha Windows kukitumia kifaa. Tuanze kwa kumrudishia kompyuta yake leo hii, halafu matengenezo yaende taratibu.

Nenda duka la vifaa vya kompyuta hapo mjini uulize kadi ya sauti ya USB. Ni kitu kidogo kama flashi: upande mmoja kinachomekwa kwenye tundu la USB, upande wa pili kina matundu mawili ya mviringo, la hedfoni na la maikrofoni. Zile za bei ya chini kabisa zinatosha kwa kazi hii. Hedfoni zenye mkia wa USB nazo ni sawa. Kifaa cha namna hii hakimhitaji Realtek wala hakipiti kwenye njia iliyoharibika. Windows inayo draiva yake ya jumla kwa sauti za USB, faili linaloitwa usbaudio.sys, ndiyo maana ukishakichomeka unasubiri kidogo tu na sauti inatoka, bila bando. Kikishatulia, abonyeze Ctrl, Alt na N kwa pamoja ili NVDA ianze upya. Kama hakuna aliyebadilisha kifaa cha sauti ndani ya mipangilio ya NVDA, itakifuata hicho kipya yenyewe.

Nakuomba na jambo jingine: akishaanza kusikia, kazi iliyobaki mpe yeye. Device Manager, dirisha la Windows linaloorodhesha vifaa vya kompyuta, ni orodha yenye matawi, inatembelewa kwa vishale vya kibodi, na NVDA inaisoma vizuri mstari kwa mstari. Hatua nyingi hapa chini nitazitaja kwa vibonye, si kwa kipanya. Binamu akae pembeni asome kama kuna dirisha lililojificha, lakini mikono iwe ya mwenye kompyuta.

Sasa ugonjwa wenyewe.

Watu wengi, mafundi wakiwemo, huzungumzia "draiva ya sauti" kana kwamba ni kitu kimoja. Tangu mwaka 2004, Intel ilipoleta utaratibu wa HD Audio kuchukua nafasi ya ule wa AC'97, sauti ya kwenye mazabodi imekuwa na sehemu mbili, na kila sehemu ina draiva yake. Ya kwanza ni kidhibiti, ambacho kimo ndani ya chipu kubwa ya mazabodi. Kwa mashine yako ni cha Intel. Kazi yake ni kubeba data za sauti kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, na kuiambia Windows ni nani waliopo upande wa pili wa njia. Ya pili ni kodeki, kijichipu cheusi kilichogandishwa kwenye bodi. Kwa mashine yako ni Realtek ALC269. Hiyo ndiyo inayogeuza namba, kwa kawaida 48,000 kila sekunde, kuwa umeme unaotikisa spika.

Kodeki haizungumzi na Windows moja kwa moja. Inapitia kwa kidhibiti. Mchukulie huyo kidhibiti kuwa bawabu wa geti: akiwa macho, Windows ikifika anaiambia kwamba ndani yupo Realtek, anasubiri draiva yake. Bawabu akizimia, waliomo ndani wapo vilevile, ila aliye nje hana habari nao. Ataona geti limefungwa aondoke akisema nyumba haina watu. Ile X nyekundu yenye "No Audio Output Device" ndiyo kauli ya mtu aliyeishia getini.

Rudi sasa kwenye ulichokiona. Alama ya njano iko kwenye "Audio Controller" chini ya "System devices", na hapo ndipo kidhibiti kinapokaa. Sehemu ya "Sound, video and game controllers", ambako kodeki hukaa, haipo kabisa. Mashine yako ina matundu ya DisplayPort, na tundu la namna hiyo hubeba sauti pamoja na picha, kwa hiyo siku ya afya njema huonyesha vifaa viwili vya sauti: Realtek, na kingine cha Intel kwa ajili ya skrini. Kwenye kompyuta za kizazi hicho vyote viwili vinapita kwa kidhibiti kilekile. Ingekuwa Realtek imeungua peke yake, kile cha skrini kingebaki kwenye orodha. Vimepotea vyote kwa mpigo, tena siku ileile programu ya kusasisha ilipopita. Aliyeanguka ni bawabu wao.

Ndiyo maana pia kisakinishi cha Realtek kinagoma. Hicho huja na draiva ya kodeki, na kikifika hutafuta kodeki ya Realtek nyuma ya kidhibiti. Kisipoiona, kinarudi na -0001. Mara nyingi namba hiyo haina maana kwamba faili ulilopakua ni bovu; maana yake ni kwamba kisakinishi hakikumkuta mwenye nyumba. Ungepakua mara kumi, jibu lingekuwa lilelile, na hilo ndilo linaloniuma kuhusu bando lako.

Nini kilimwangusha bawabu? Karibu na hakika ni draiva ya Intel iliyotengenezwa kwa kompyuta mpya zaidi, ikabandikwa juu ya kidhibiti cha mwaka 2012. Kosa hili haliwapati wanaotumia programu za bure peke yao. Oktoba 2018 Microsoft yenyewe ilisambaza kimakosa, kupitia Windows Update, draiva ya Intel ya sauti toleo 9.21.00.3755, na kompyuta zilizoipokea zikanyamaza. Tiba iliyotolewa wakati ule ni hii nitakayokupa sasa.

Kwanza ondoeni ile programu ya kusasisha. Ingieni Settings, halafu Apps, itafuteni muiondoe, maana ikibaki itarudia kuharibu mlichotengeneza. Kisha abonyeze kibonye cha Windows pamoja na X, aachie, abonyeze M. Device Manager itafunguka. Ashuke kwa kishale hadi "System devices", abonyeze kishale cha kulia ili tawi lifunguke, ashuke hadi kwenye "Audio Controller", kisha Enter. Dirisha la kifaa hicho likifunguka, asisome haraka. Pale penye "Device status" pana namba ya kosa. Ikiwa ni 10, kifaa kipo ila draiva iliyopo imeshindwa kukiwasha. Ikiwa 39, faili la draiva limeharibika au halipo. Ikiwa 28, hakuna draiva iliyowekwa. Ikiwa 52, draiva haina sahihi ya kidijitali inayokubalika, na Windows ya 64-bit haiiruhusu kuingia. Namba yoyote kati ya hizi ni habari njema kwako, kwa sababu zote zinasema kidhibiti kinaonekana.

Akiwa humohumo abonyeze Ctrl na Tab hadi afike ukurasa wa "Driver". Asikilize jina la mtoaji, "Driver Provider". Kabla ya ajali ilipaswa kuwa Microsoft, kwa sababu kidhibiti cha HD Audio kwenye mashine hii kinaendeshwa na faili la Windows yenyewe, hdaudbus.sys. Akisikia Intel au jina jingine, basi mmemkamata mhalifu. Kwenye ukurasa huo kuna kitufe cha "Roll Back Driver". Kikiwa hai, akibonyeze, akubali, awashe kompyuta upya, na huenda mkaishia hapo.

Kikiwa kimefifia, atoke kwa Esc, arudi kwenye ule mstari, abonyeze Shift na F10 ili menyu ifunguke, achague "Update driver". Ataulizwa aitafute wapi. Asichague kutafuta kwenye intaneti; achague "Browse my computer for drivers", halafu kwenye ukurasa unaofuata "Let me pick from a list of available drivers on my computer". Itatokea orodha fupi. Ndani yake pawe na "High Definition Audio Controller". Hiyo ndiyo. Aiteue, abonyeze Next, asubiri, kisha aiwashe kompyuta upya kwa Restart. Nasisitiza Restart, si Shut down: Windows 10 ina tabia ya kuwaka haraka ambayo, ukizima kwa Shut down, moyo wa mfumo unahifadhiwa kama ulivyokuwa na unarudishwa vilevile asubuhi, pamoja na draiva zilizokwama. Restart inaanza na ukurasa mtupu.

Ikiwaka, msikimbilie Realtek. Tulieni dakika mbili tatu. Bawabu akisharudi kazini, Windows itawaona waliomo ndani na kuwapa draiva ya jumla inayoitwa "High Definition Audio Device". X nyekundu itaondoka.

Ikiwa kwenye ile orodha fupi hakuna "High Definition Audio Controller", rudini kwenye mstari uleule, Shift na F10, "Uninstall device". Litatokea dirisha lenye kisanduku cha "Delete the driver software for this device". Akitie tiki, maana bila tiki hiyo draiva mbovu inabaki ghalani na Windows itaichukua tena. Baadaye kwenye menyu ya "Action" achague "Scan for hardware changes". Wakati mwingine programu hizi huacha matoleo mawili matatu yamepangana, basi ukiondoa la juu linajitokeza la chini yake. Rudieni hadi mtoaji awe Microsoft.

Nataka mfahamu kusoma namba za kifaa, kwa sababu hapo ndipo fundi anapotofautiana na mbahatishaji. Kwenye dirisha lilelile kuna ukurasa wa "Details", na ndani yake mkichagua "Hardware Ids" mtakuta mistari mirefu. Kwa kidhibiti chako mstari utaanza na PCI\VEN_8086&DEV_1E20. VEN ni kabila la kifaa, DEV ni jina lake. 8086 ni Intel, na 1E20 ndicho kidhibiti cha sauti cha chipu za Intel za mfululizo wa 7. Kodeki ikishaonekana, namba zake zitasomeka HDAUDIO\FUNC_01&VEN_10EC&DEV_0269, na mbele kidogo SUBSYS inayoanza na 1028. 10EC ni Realtek, 0269 ni ile ALC269, na 1028 inaonyesha Dell ndiye aliyeifunga kwenye bodi yake.

Kwa nini nahangaika na namba wakati jina la kompyuta limeandikwa mbele ya boksi? Kwa sababu jina linapotosha, na la kwako zaidi. Mwaka 2023 Dell ilitoa kompyuta mpya kabisa na kuipa jina lilelile, OptiPlex 7010. Moja ina chipu ya Intel kizazi cha 3, nyingine kizazi cha 12 au 13. Mtu akiandika jina hilo kwenye intaneti na kuongeza neno draiva, anaweza kabisa kuletewa faili la mashine ya 2023. Kwa hiyo Dell itafuteni kwa Service Tag, zile herufi na namba saba zilizo kwenye kibandiko cha boksi. Hiyo ni ya mashine yenu peke yake. Kibandiko kikiwa kimechubuka, kama ilivyo kwa mitumba mingi, fungueni Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, muandike wmic bios get serialnumber, na NVDA itaisoma.

Je, Realtek mnaihitaji? Kwa maoni yangu, sauti ikitoka vizuri kwa draiva ya jumla, iacheni hivyo. NVDA haihitaji mwangwi wa ukumbini wala visawazishi vya besi. Sababu za kweli za kuweka ya Realtek ni kama tundu la hedfoni la mbele halizimi spika ya ndani unapochomeka, au maikrofoni inasikika chini mno. Mkiamua kuiweka, chukueni ya ukurasa wa Dell kwa Service Tag yenu. Realtek wenyewe hueleza kwamba draiva za kwenye tovuti yao ni za jumla, na si lazima ziwe na marekebisho ya mtengenezaji wa kompyuta. Mkikuta ya Windows 8.1 ya 64-bit tu, mara nyingi inakubali kwenye Windows 10. Ila isakinisheni baada ya bawabu kusimama, kamwe si kabla.

Kuna kitu kidogo kinachowatesa watu baada ya matengenezo kufanikiwa: alama ya njano imeondoka, X imeondoka, na bado kimya. Hapo mara nyingi sauti inapelekwa kusikokuwa na spika. Skrini ikiwa imeunganishwa kwa DisplayPort, Windows inaweza kuichagua kuwa kifaa kikuu cha sauti hata kama skrini yenyewe haina spika. Bofyeni alama ya spika, tazameni jina lililo juu, mchague jingine. Mkumbuke pia ile kadi ya USB mliyochomeka mwanzoni. Ikiwa bado ipo, huenda ndiyo inayopokea sauti yote. Hedfoni nazo zikague: tundu la sauti ya kutoka kwenye kompyuta nyingi ni la kijani, la maikrofoni ni waridi. Kuna siku pia ni huduma mbili tu za Windows zimelala, "Windows Audio" na "Windows Audio Endpoint Builder", ambazo hukaa kwenye dirisha la Services na zinatakiwa ziwe Automatic na ziwe zinaendelea.

Sasa tuseme mmefungua Device Manager na hata ule mstari wa "Audio Controller" hamuuoni. Si hali yako leo, lakini kuna msomaji mwenzako atakayeikuta, na nisingependa apite nilikopita mimi. Niliwahi kuletewa kompyuta sita za mezani za shule moja, zote mitumba kutoka ofisi za Ulaya. Tano zilikuwa na sauti, ya sita haikuwa nayo. Nikaanza saa tatu asubuhi. Nikapiga Windows upya. Nikaweka draiva, nikaondoa, nikaweka nyingine, nikabadilisha hata RAM kwa kukata tamaa. Saa kumi jioni nikaingia BIOS, mipangilio ya mazabodi yenyewe inayofunguliwa kabla Windows haijawaka, kutafuta kitu kingine kabisa, nikaona kwenye mstari wa Audio kisanduku hakina tiki. Sikuwa nimewaza kwamba ofisi ilikotoka ingeweza kuizima sauti humo, na hakuna draiva duniani inayoweza kukiona kifaa ambacho BIOS imekificha. Tangu siku ile, kidhibiti kisipoonekana, BIOS ndiyo mahali pa kwanza. Kwa Dell ni F2 wakati nembo inaonekana, kisha "System Configuration", kisha "Audio". Hapo kijana atahitaji macho ya mtu mwingine, kwa kuwa NVDA haifiki kwenye BIOS.

Kama BIOS imewasha sauti na bado kidhibiti hakionekani, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani, shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama 15 ili umeme uliobaki uishe, kisha washa. Njia hii imeniamshia vifaa vilivyokwama baada ya umeme kukatika na kurudi kwa kishindo.

Na fundi wako akiendelea kusema kadi imekufa, mwombe kwa heshima afanye kipimo kimoja kabla hujatoa hela: awashe kompyuta kwa flashi ya Linux Mint au Ubuntu, mifumo ya Linux inayoendesha kompyuta badala ya Windows, bila kuisakinisha. Kwa Dell unabonyeza F12 na kuchagua flashi. Linux ina draiva zake za HD Audio tayari, na haijui chochote kuhusu uchafu ulio kwenye Windows yako. Sauti ikitoka kwenye Linux, chuma ni kizima na kesi ya mazabodi imefungwa. Isipotoka, hapo ndipo ninapoanza kumsikiliza. Usipakue mwenyewe, faili la Mint pekee ni karibu GB 3. Fundi wengi wanayo flashi hiyo tayari. Na hata ikithibitika kodeki imeungua kweli, ile kadi ya USB uliyonunua kwa ajili ya jioni moja inaweza kuwa dawa ya miaka.

Nigeuke kidogo kwa wenye kompyuta mpakato mpya zaidi watakaosoma hapa. Baadhi ya mpakato za miaka ya karibuni hutumia kweli mfumo wa Intel unaoitwa Smart Sound Technology, na kwenu draiva hiyo ni halali. Hapo mpangilio ni kinyume kidogo: kwanza draiva za chipu ya mazabodi, kisha ya Smart Sound, mwisho ya kodeki. Mkilazimisha "High Definition Audio Controller" kama nilivyomwelekeza mama, spika zinaweza kurudi lakini maikrofoni za ndani zikapotea, kwa sababu kwenye mashine nyingi za aina hiyo zimeunganishwa kupitia mfumo huo wa Intel. Someni namba za kifaa kabla ya kuiga.

Mama, sauti ikisharudi, bado kuna kazi ya dakika tano. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta ya 2012 haimo kwenye orodha inayokubaliwa na Windows 11, kwa hiyo draiva zinazofanya kazi leo ndizo mali yenyewe. Chukueni flashi, mtengeneze humo folda muiite draiva. Kisha abonyeze Windows na X, halafu A, akubali, na kwenye dirisha litakalofunguka aandike:

pnputil /export-driver * E:\draiva

E ikiwa ndiyo herufi ya flashi yenu. Amri hiyo inanakili draiva zote zilizoongezwa kwenye mashine, bila kugusa intaneti. Ile ya "High Definition Audio Controller" haitakuwemo, na wala haihitajiki, maana imo ndani ya Windows kila inapopigwa. Kando ya folda hiyo aweke faili la maandishi lenye Service Tag, zile namba mbili za vifaa, na hatua za kubadilisha draiva alizozipitia leo kwa maneno yake mwenyewe. Flashi na kadi ya USB vikae kwenye droo moja, mahali anapoweza kupapasa na kuvipata bila kumwita mtu. Niandikie jina la mtoaji mtakalolikuta kwenye ule ukurasa wa "Driver", na namba ya kosa, hata kama mtakuwa mmeshapona.